Bwana Afya wa Nairobi: Maisha ya Marehemu Tom Mboya

Wasomaji wetu, katika kurasa zilizotangulia mmekwisha kuona picha za Wanakamati, hesabu za maziwa yaliyopokelewa, na habari za ujenzi wa tangi la kupozea. Mkutano Mkuu uliagiza kwamba katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi yatiwe pia maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani, ambayo wanachama wetu wangependa kuyasoma wakiwa majumbani kwao. Majina yaliyotajwa yalikuwa mengi na ubishi ukawa mrefu. Mwishowe tuliafikiana juu ya marehemu Tom Mboya, wala haikuwa kwa sauti moja. Wengine walinena kwamba hakuwa mkulima, hakuwahi kufuga hata mbuzi, na kwamba sifa zake ni za mjini. Maneno hayo ni kweli. Lakini walioshinda walikumbusha jambo ambalo wengi wetu tulikuwa tumelisahau, kwamba kazi ya kwanza ya Bwana Mboya ilikuwa kupima maziwa. Tena ipo sababu ya pili, nayo yahusu mambo yaliyotupata sisi wenyewe katika mwaka wa nne wa Chama chetu. Tutaieleza mahali pake.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge lililokuwa la Sir William Northrup McMillan. Baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa nyapara wa wakata mkonge. Kwao hasa ni kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria. Basi mtoto huyu wa Nyanza alizaliwa ugenini, akakua pamoja na watoto wa Kikamba na wa Kikuyu, akazijua lugha zao na Kiswahili pamoja na lugha ya wazazi wake. Baadaye, alipokuwa akisimama mbele ya makutano ya wafanyakazi wa makabila yote, faida ya utoto ule ilionekana.

Alisoma katika shule za Misheni ya Katoliki: kwanza Kabaa katika Ukambani, kisha Yala katika Nyanza, kisha Mangu, ambako aliingia mwaka 1946. Mwaka 1947 fedha za karo ziliisha. Baba alikuwa na watoto wengine wa kusomesha, na mshahara wa nyapara haukutosha. Kijana akaacha Mangu, akatafuta masomo ambayo mwanafunzi hulipwa posho badala ya kulipa karo. Hivyo ndivyo alivyoingia katika chuo cha Jeanes School, Kabete, mwaka 1948, kujifunza kazi ya uangalizi wa afya, yaani kazi ya yule ambaye watu humwita bwana afya. Twataja neno hili la posho kwa makusudi. Wengi hudhani watu mashuhuri huchagua njia zao kwa ndoto kubwa. Huyu aliichagua yake kwa sababu ya umaskini wa nyumbani. Hata hivyo alipokuwa pale wanafunzi wenzake walimchagua kuwa kiongozi wa baraza lao, na huko ndiko alikoanza kujizoeza kuendesha mkutano, kusikiliza malalamiko ya chakula na ya vitanda, na kuyapeleka kwa wakubwa kwa maneno ya adabu yasiyopindika.

Mwaka 1951 aliajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi. Mji ulikuwa umepewa hadhi ya jiji mwaka mmoja tu kabla yake. Kazi ya bwana afya ilikuwa kukagua maduka ya nyama, hoteli, mifereji na vyoo, na kupima maziwa yaliyouzwa mjini ili ijulikane kama yametiwa maji au yana uchafu. Wanachama wetu wanaijua kazi hiyo, maana kila asubuhi huiona penye mizani, na si wote huipenda.

Katika siku zile kazi ilikuwa moja na mishahara mbalimbali. Mwangalizi Mzungu alilipwa mshahara wake, na Mwafrika aliyesomea kazi ile ile akalipwa sehemu yake ndogo tu. Kuna kisa ambacho Bwana Mboya mwenyewe alikisimulia baadaye. Siku moja alikuwa peke yake katika chumba cha kupimia, akaingia bibi mmoja wa Kizungu na chupa ya maziwa. Yule bibi akaangaza macho huku na huku, akauliza kama hapakuwa na mtu chumbani. Kijana akamjibu kwa kumuuliza kama macho yake yalikuwa na kasoro. Bibi akakasirika, akataka mtu huyo aadhibiwe, na akataka ahudumiwe na Mzungu. Kisa chenyewe ni kidogo, na yamkini watumishi wengine walipatwa na makubwa kuliko hicho. Lakini chaeleza vema jinsi watumishi Waafrika wa Baraza walivyotazamwa: walikuwapo kazini, nao hawakuhesabiwa kuwapo.

Watumishi hao walikuwa na chama chao kilichoitwa Chama cha Watumishi Waafrika. Vyama vya namna hiyo wakubwa walivipenda, kwa kuwa vilikuwa vya kuomba tu. Viongozi walipeleka barua, wakubwa wakaisoma wakati walipopata nafasi, wakajibu walivyotaka au wakakaa kimya. Mwaka 1952 Bwana Mboya, akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, alichaguliwa kuwa rais wa chama hicho. Hakukaa sana kabla ya kuwashawishi wenzake wakigeuze kuwa chama halisi cha wafanyakazi chenye haki mbele ya sheria, kiweze kuketi na mwajiri mezani na kufanya mapatano yenye kumfunga kila upande. Ndipo kikazaliwa Chama cha Wafanyakazi wa Serikali za Mitaa cha Kenya.

Hapo yafaa tusimame kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari yetu. Si Nairobi tu, bali katika nchi nyingi, palikuwa na ubishi mkubwa juu ya watumishi wa umma. Kuhusu wafanyakazi wa viwanda, watu wengi walikuwa wamekwisha kukubali kwamba wanaweza kuungana na kupatana na tajiri juu ya mshahara, kwa sababu tajiri ana faida yake naye mfanyakazi ana jasho lake, na lazima wagawane. Lakini mfagiaji wa barabara, karani wa serikali, askari wa zimamoto, je? Tajiri wao ni nani? Waliopinga walisema tajiri wao ni umma wote, na umma haupati faida. Mshahara watoka katika kodi, na aamuaye kodi ni baraza lililochaguliwa. Baraza likifungwa na mapatano lililoyafanya faraghani na chama cha watumishi, basi kura ya mwananchi imepunguzwa nguvu. Tena watumishi hao wakigoma hawamuumizi tajiri, bali wamuumiza mgonjwa aliyelala hospitalini na mtoto anayengoja maji. Katika Marekani hata Rais Roosevelt, aliyekuwa rafiki mkubwa wa vyama vya wafanyakazi, aliandika mwaka 1937 kwamba mapatano ya pamoja kama yalivyozoeleka katika makampuni hayawezi kuhamishiwa katika utumishi wa serikali.

Hoja hizi si za kipuuzi, na wasomaji wasidhani twazitaja ili kuzicheka. Ila katika Nairobi ya mwaka 1952 zilikuwa na tundu moja kubwa. Waafrika hawakuwa na kura ya kuwachagua madiwani. Mfagiaji alilipa kodi, akafagia mbele ya mlango wa diwani, wala hakuwa na njia ya kumwondoa diwani yule wala ya kumrudisha. Kumwambia kwamba mapatano ya pamoja yataidhoofisha kura yake lilikuwa neno la ajabu. Kwa watumishi wale chama cha wafanyakazi ndicho kilichokuwa kura. Kwa maoni yetu hapo ndipo Bwana Mboya alipopata nguvu zake zote za mwanzo, na hapo pia, kama tutakavyoona, ndipo alipopata taabu uhuru ulipokuja.

Baraza halikupendezwa. Mwaka 1953 kazi yake ya uangalizi ilikoma, akawa mtu wa chama tu. Mwaka huo huo, akiwa na miaka ishirini na mitatu, akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho la vyama vyote vilivyoandikishwa. Ulikuwa wakati mbaya kushika kazi hiyo. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Makhan Singh, aliyetangulia kuwaunganisha wafanyakazi wa Kihindi na Waafrika, alikuwa amekamatwa tangu Mei 1950, na hakufunguliwa mpaka Oktoba 1961. Fred Kubai alikuwa kifungoni. Chama cha KAU kilipigwa marufuku mwezi wa Juni 1953, na kwa hiyo Shirikisho likawa karibu ndilo mahali pekee ambapo Mwafrika aliweza kusema neno la nchi nzima bila kuvunja sheria. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzunguka mji wa Nairobi, maelfu ya watu wakachukuliwa kwenda kizuizini, na viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakiwamo. Ofisi zilibaki tupu. Bwana Mboya alibaki nje, akaandika, akalalamika, akatafuta msaada kwa vyama vya Uingereza na kwa shirikisho la kimataifa lililokuwa na makao yake Brussels.

Kubaki kwake nje kulimletea maneno. Wapo waliosema tangu wakati ule kwamba Serikali ilimwacha kwa sababu ilimwona afadhali kuliko wale waliofungwa, na fedha alizopata baadaye Marekani ziliwaongezea hoja. Hatutaki kuyaficha, kwa kuwa wanachama wetu wenye umri watayakumbuka. Sisi twaona kwamba alizitumia nafasi alizopata, na kwamba mtu aliye nje ya gereza wakati wa taabu ana kazi ya kufanya kama alivyo nayo aliye ndani. Lakini pia twaona kwamba alipenda mno kuendesha mambo kwa mkono wake mwenyewe, na maadui wengine aliwatengeneza mwenyewe.

Mwezi wa Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Bandari ile ilikuwa na historia ya migomo. Mgomo mkuu wa Januari 1947, ambao baada yake Chege Kibachia aliongoza wafanyakazi, ulikuwa haujasahauliwa. Serikali ilikuwa katika vita, meli zilikuwa zimejaa, na watu waliogopa risasi. Bwana Mboya alishuka pwani, akazungumza na wagomaji uwanjani na waajiri mezani, akapata ahadi kwamba dai litasikilizwa na mwamuzi, akawashawishi watu warudi kazini. Uamuzi ulipotoka ulileta nyongeza nzuri ya mshahara. Kijana aliyeonekana na wengi kuwa mchochezi alijulikana sasa kuwa mtu anayeweza kuanzisha mazungumzo na pia kuyamaliza.

Baada ya hayo alikwenda Ruskin College, Oxford, akakaa mwaka mmoja wa masomo, 1955 hadi 1956. Akiwa safarini Serikali ya Kenya ilitishia kulifuta Shirikisho kwa kuwa lilisema mambo ya siasa. Kiongozi wa vyama vya Uingereza, Sir Vincent Tewson, alifunga safari mpaka Nairobi kusuluhisha. Mwaka 1956 Bwana Mboya alizuru Marekani, akapata dola 35,000 za kujengea nyumba ya wafanyakazi. Jumba hilo, Solidarity, likawa makao ya shirikisho la wafanyakazi wa Kenya.

Mambo ya siasa tutayapita upesi, maana vitabu vinavyoyaeleza ni vingi. Machi 1957 alichaguliwa na watu wa Nairobi kuingia Baraza la Kutunga Sheria, akimshinda wakili Argwings-Kodhek. Desemba 1958 alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika nzima huko Accra. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi ilipelekwa Marekani ikiwa na vijana 81, na Julai 1960 alimwona Seneta Kennedy ili apate fedha za ndege zilizofuata. Mwaka 1960 akawa Katibu Mkuu wa KANU. Januari 1962 alimwoa Bi. Pamela Odede.

Mwaka huo huo wa 1962, katika serikali ya mseto wa KANU na KADU, Bwana Mboya akawa Waziri wa Kazi. Yule aliyekuwa upande huu wa meza amehamia upande wa pili. Uhuru ulikuwa karibu, kila mtu alitaka kuuonja mapema, na migomo ikazidi kila wilaya: katika mashamba, katika makampuni, na katika utumishi wa umma. Hoja ile ya kura, iliyokuwa ngao yake mwaka 1952, sasa ilimgeukia. Mfagiaji alikuwa anapata kura. Serikali inayokuja itakuwa yake. Je, atagoma dhidi ya nafsi yake?

Alilotenda lastahili kuelezwa taratibu. Angeweza kutunga sheria ya kukataza migomo, na wapo waliomshauri hivyo. Angeweza pia kuwaacha wenzake wa zamani wafanye wapendavyo. Hakufanya hili wala lile. Aliwakutanisha Shirikisho la Waajiri na Shirikisho la Wafanyakazi, na Serikali ikiwa mtu wa tatu, mpaka Oktoba 1962 wakatia saini Mkataba wa Uhusiano Kazini. Waajiri walikubali kuvitambua vyama na kutowaonea wafuasi wake. Vyama vilikubali kwamba hapana kugoma kabla ya njia zote za mazungumzo na usuluhishi kumalizika. Kila upande uliandikiwa wajibu wake. Haukuwa sheria, ila ulishikwa kwa muda mrefu kana kwamba ni sheria. Twaongeza kando kwamba Januari ya mwaka huo huo Rais Kennedy alitoa amri iliyowapa watumishi wa serikali kuu ya Marekani ruhusa ya kufanya mapatano kwa vyama vyao, bila haki ya kugoma. Roosevelt alikuwa amelikataa jambo hilo miaka ishirini na mitano kabla yake.

Baada ya uhuru, Kenya ikathibitisha mwaka 1964 mapatano ya kimataifa namba 98 juu ya haki ya kuungana na kupatana. Februari ya mwaka huo waajiri walikubali kuongeza watu kazini, makampuni kwa asilimia 10 na Serikali kwa asilimia 15, na vyama vikakubali kutodai nyongeza wala kugoma kwa mwaka mmoja. Lakini kamba ilizidi kukazwa. Mwaka 1965 vyama vyote viliunganishwa chini ya COTU, na Sheria ya Migogoro ya Kazi ikampa Waziri mamlaka makubwa juu ya migomo, hasa katika kazi za lazima kwa maisha ya watu. Bwana Mboya hakuwa tena Waziri wa Kazi. Tangu Desemba 1964 alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi. Walakini alikuwa ndani ya serikali hiyo, na hatuwezi kumwondolea sehemu yake. Katika ile hati ya mwaka 1965 iliyoeleza ujamaa wa Kiafrika, iliyotoka katika wizara yake, ushirika ulipewa mahali pakubwa. Wenye vyama vyao vya mazao walifurahi. Wenye vyama vya wafanyakazi hawakufurahi kadiri ile.

Sasa tutimize ahadi yetu juu ya mwaka wa nne wa Chama Kikuu. Madereva wa malori yetu na makarani wa mizani walijiunga na chama cha wafanyakazi, wakaandika barua kuomba watambuliwe. Kamati ilikataa. Twakumbuka vema tulivyojibu, kwa kuwa baadhi yetu tuliotia saini jibu lile ndio tunaoandika ukurasa huu. Tulisema Ushirika si kampuni ya tajiri, hauna faida ya kugawana na mtu. Fedha zake ni za akina mama na wazee wanaokamua alfajiri. Kamati imechaguliwa na wanachama, na wanachama ndio wa kuamua mishahara katika Mkutano Mkuu. Tulidhani tumetunga hoja mpya. Tulipoisoma habari ya Baraza la Nairobi, tulizikuta hoja zetu zote pale, neno kwa neno karibu.

Madereva walikaa siku tatu bila kuwasha malori. Maziwa ya siku tatu yalimwagwa, mengine yakapewa ndama, mengine yakauzwa njiani kwa bei ya kutupa. Mama mmoja mjane wa ukanda wa juu, ambaye hatumtaji, alikuwa amepanga kulipia karo kwa malipo ya mwezi ule. Mtoto alirudishwa nyumbani. Mama yule hakuwasamehe madereva, wala hakuisamehe Kamati, na katika kila Mkutano Mkuu tangu hapo amesimama akauliza ni nani kati ya pande mbili zile aliyemwakilisha yeye. Hatujapata jibu linalomridhisha.

Siku ya nne tulikaa. Mzee mmoja wa Kamati, aliyewahi kuwa karani wa kazi zamani, ndiye aliyeukumbuka Mkataba wa 1962, akatuletea maelezo yake. Kutoka humo tuliazima mambo mawili: kwamba Chama kinawatambua watumishi wake kwa chama chao, na kwamba mazungumzo yakiwa yanaendelea mbele ya msuluhishi, maziwa ya asubuhi yatachukuliwa. Wanachama waliokubali katika kura walikuwa wengi kidogo tu kuliko waliokataa. Tangu hapo mshahara wa madereva umepanda mara mbili, na bei tunayomlipa mkulima ilipungua kidogo mara ya kwanza. Ya pili haikupungua. Hayo yamo katika hesabu, na kila mtu anaweza kuyatazama.

Turudi kwa marehemu. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, saa saba za mchana hivi, alitoka katika duka la dawa kwenye barabara ya Serikali, Nairobi, ambayo siku hizi yaitwa Moi Avenue. Alipigwa risasi mlangoni, akafa kabla ya kupata msaada. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane. Mtu mmoja, Njenga Njoroge, alihukumiwa akanyongwa mwaka huo huo. Aliyemtuma, kama yupo, hakutajwa mahakamani. Siku ya misa katika kanisa kuu la Nairobi watu walijaa barabarani, ghasia zikatokea, na hewa ya kutoa machozi ikafika karibu na milango ya kanisa. Mwili ulipelekwa nchi kavu mpaka Ziwani, ukazikwa Rusinga. Kaburi lake limejengewa nyumba yenye umbo la risasi.

Ubishi alioukuta katika Baraza la Nairobi haukuzikwa naye. Mwaka 1980 chama cha watumishi wa serikali ya Kenya kilifutwa, na kwa miaka ishirini na zaidi karani wa wizara hakuwa na chama. Kilirudishwa mwaka 2001. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, ikampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, kupatana kwa pamoja, na kugoma. Hata hivyo karatasi ni kitu kimoja na fedha ni kingine. Madaktari wa hospitali za umma walifanya mapatano na Serikali mwaka 2013. Hayakutimizwa, wakagoma kuanzia Desemba 2016 mpaka Machi 2017, siku mia moja, na viongozi wao wakatiwa jela kwa muda mwezi wa Februari. Katika siku zile mia wagonjwa walirudishwa milangoni. Hakuna aliyeweza kusema kwamba hoja ya mgonjwa ni ya uongo, wala kwamba saini iliyotiwa na Serikali ilikuwa mzaha.

Chama alichokianzisha bwana afya yule mwaka 1952 kingali hai. Serikali za mitaa zilipogeuka kuwa za kaunti mwaka 2013, nacho kilibadili jina kufuatana nazo, na wafagiaji wa Nairobi ni wanachama wake.

Mkataba wetu na madereva na makarani wa mizani utamalizika mwisho wa mwaka huu. Siku ya kukaa mezani imekwisha kupangwa, na chumba kitakuwa kile cha juu ya ofisi ya mhasibu. Mama yule wa ukanda wa juu ameomba aruhusiwe kuketi na kusikiliza. Kamati imekubali, na chama cha madereva pia.